Vijinzi vya sokoni si wazazi wa funza wa embe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nauza maembe na mananasi Buguruni, Dar es Salaam. Kila asubuhi nikifunua turubai, wingu la vijinzi linaniinukia usoni. Napuliza dawa ya dukani, baada ya siku mbili vimejaa tena. Halafu wateja wananirudishia maembe mazuri kabisa kwa nje, kumbe ndani yana funza. Nahisi vijinzi hivyo ndivyo vinavyotaga humo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Dawa iweke chini kwanza. Ile ni ya mbu na mende wa nyumbani, si ya kupuliziwa embe ambalo mtu atalimenya kwa meno.

Hapo kwako una wadudu wawili tofauti, na mmoja anasingiziwa makosa ya mwenzake.

Vijinzi vyenye macho mekundu, urefu wa milimita mbili au tatu, ni jamii ya drosofila. Jike wake hana nguvu ya kutoboa ganda la embe zima. Hutaga penye jeraha: pale kikonyo kiliponyofoka, embe lilipogongwa ndani ya gari, au kitako cha nanasi kilipokatwa. Hata hapo anafuata zaidi chachu inayoota kwenye utomvu wa sukari, maana ndiyo chakula kikuu cha funza wake. Ndiyo sababu harufu ya siki na pombe humvuta kuliko embe zima. Akitua kwenye tunda lililochacha kisha kwenye lililopasuka leo, anahamisha chachu na bakteria kwa miguu yake, na hilo la pili nalo linaanza safari.

Kwa joto la Dar, yai hufikia kuwa mdudu anayeruka kwa siku nane hadi kumi hivi. Dawa yako inaua wale wanaoruka tu. Mayai na funza wamezama kwenye majimaji ya uozo, hawaguswi. Kwa hiyo vile unavyoviona siku ya pili ni vipya, vimezaliwa hapohapo. Asubuhi na jioni ndiyo saa zao. Jua likikaza hujibanza kivulini chini ya meza, ukadhani vimeondoka.

Sasa geuza tenga lako uliangalie kwa ndani. Utaona vichembe vya kahawia vilivyogandia ubavuni, kila kimoja kina vipembe viwili mbele. Hizo ni pupa, yaani funza aliyejifunga ganda akigeuka kuwa kijinzi. Funza akikomaa hutoka kwenye majimaji na kupanda mahali pakavu: ubavu wa tenga, mguu wa meza, ukingo wa mtaro. Wauzaji wengi wanafagia maganda vizuri sana lakini tenga haliguswi maji msimu mzima, nami naona hapo ndipo vita vinaposhindwa. Lisugue kwa maji ya sabuni kila linapobaki tupu, lianike juani, na ute ulioganda kwenye nyufa za ubao ukwangue. Tunda lililopasuka liondoe mezani siku hiyohiyo, hata kama bado linaliwa. Liuze kwa watu wa juisi.

Chupa yenye siki kidogo na tone la sabuni itanasa vingi, lakini iweke mbali na meza. Ukiiweka katikati ya maembe, umewakaribisha wageni.

Funza wa mteja wako ni kisa kingine. Mzazi wake ni nzi wa matunda, mkubwa kama nzi wa nyumbani au kumzidi kidogo, wa kahawia mwenye michirizi ya njano. Asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akaenea kwa kasi sehemu kubwa ya Afrika. Jike ana mkia mkali kama sindano, naye hutoboa embe likiwa bado mtini. Embe linapopakiwa kwenye lori, mayai au funza wachanga wamo ndani, na nje kuna kitone tu. Usafi wa meza yako hauwezi kuzuia hilo. Unaponunua, tafuta kitone chenye utomvu uliokauka na ubonyeze pembeni yake, pakibonyea, liache. Muulize mkulima kama anaokota maembe yaliyoanguka na kutega mitego. Na akikuambia mwembe wake una majimoto, usimcheke: sisimizi hao humfukuza nzi huyu.

Embe lenye funza usilitupe chini. Funza aliyekomaa hujikunja, akaruka na kujichimbia udongoni. Baada ya wiki moja au mbili anatoka nzi, na mjini hakosi pa kwenda: mipera ya uani, na hasa mikungu tunayokaa kivulini mwake, maana tunda la mkungu analipenda sana. Maembe hayo yafungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, uiache juani juma zima, ndipo uyamwage.

Linalobaki si lako peke yako. Kizimba cha taka cha soko kikizolewa mara moja kwa juma, lori likichelewa siku mbili tu, kizazi kizima kimeshatoka na kuingia mezani kwenu. Iombeni kamati ya soko kizolewe angalau mara mbili kwa juma, na msimu wa maembe, kuanzia Novemba, kila siku.