Simu ya Ushahidi: Maswali Yenu Kuhusu Kozi ya Wapelelezi

Mimi ni konstebo hapa Nakuru. Nimechaguliwa kwenda kozi ya kuchunguza simu. Nijifunze programu gani mapema?

Hakuna. Fundisha mikono yako kwanza. Darasani mimi huweka simu mezani ikiwa imewaka, kisha naipigia. Karibu kila mgeni huinyakua na kuikata, na hapo ameshachafua kielelezo.

Ukiikuta imewaka, usiizime. Simu za siku hizi husimba data yake, yaani huifunga kwa msimbo isisomeke bila funguo, na funguo hizo hukaa kwenye kumbukumbu tangu mwenyewe aweke PIN mara ya kwanza baada ya kuiwasha. Ukizima, funguo zimekwenda, na mashine ya mamilioni ya kutoa data itakutazama tu. Piga picha ya kioo, itenge na mtandao ili mtu asiifute akiwa mbali, kisha itie kwenye mfuko wa Faraday, yaani mfuko unaozuia mawimbi ya mtandao. Humo ndani simu huhangaika kutafuta mtandao na kumaliza chaji upesi, kwa hiyo itie pamoja na pawabenki. Wengi husahau hili, simu ikafika maabara imekufa.

Nina kibanda cha M-Pesa Kondele, Kisumu. Tapeli alifuta meseji zote. Zitapatikana?

Pengine. Kilichofutwa hubaki mpaka data mpya iandikwe juu yake, lakini kwenye simu mpya nafasi ya kukirejesha ni finyu sana. Habari njema ni kwamba rekodi za miamala ziko kwa kampuni, hazimo kwenye simu yake peke yake. Piga ripoti leo, na meseji zako wewe usizifute.

Afisa akinisimamisha barabarani Kakamega, aweza kupekua simu yangu?

Kwa kawaida atafute kibali cha mahakama. Kifungu cha 48 cha sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 kinaeleza utaratibu. Faragha yako imo kwenye Katiba, kifungu cha 31. Wanafunzi wangu hukunja uso nikilisema hili, lakini ushahidi ulioporwa huweza kutupwa nje na hakimu.

Nasomea kompyuta, nataka kazi hii. Napungukiwa na nini?

Kuandika, mwanangu. Vijana wa kompyuta hutoa data vizuri, kisha ripoti inakuwa ya mistari minne. Mahakama itataka cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, itataka kujua simu ilipita mikononi mwa nani na nani, na heshi (alama inayokokotolewa kutoka kwenye data, kama alama ya kidole chake) uliyopiga siku ya kwanza ilingane na ya leo. Tarakimu moja ikitofautiana, wakili ataamka.

Na saa! Programu nyingi za uchunguzi huonyesha saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Shahidi anasema alipigiwa "saa mbili usiku", simu inaonyesha 20:00, ripoti yako inasema 17:00. Zote tatu ni kweli. Usipoeleza hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, utaelezea ukiwa kizimbani, jasho likikutoka.