Maswali ya Wasomaji: Kanga wa Zambia, Wafu wa Dakar na Jini Asiyetisha

Barua za safari hii karibu zote zinahusu filamu huru za Afrika na zile za kutisha au za kubuni mambo yasiyokuwapo. Nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha.

Nimeitazama On Becoming a Guinea Fowl na imenishinda. Ni msiba mwanzo hadi mwisho, mhusika mkuu halii, halafu inaishia kwa mlio wa ndege. Mwongozaji alitaka nielewe nini? (Msomaji, Morogoro)

Tuanze na huyo ndege, kwa kuwa sisi tunaye na jina lake tunalo: ni kanga. Filamu hii ni ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia aliyekulia Wales, na mwaka 2024 ilimpatia tuzo ya uongozaji katika kitengo cha Un Certain Regard cha tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, aliyogawana na mwongozaji mwingine. Shula anarudi usiku kutoka kwenye sherehe, amevaa mavazi ya kuigiza, na njiani anakuta maiti ya mjomba wake. Kuanzia hapo nyumba inajaa: wanawake wanalala sakafuni, vyungu viko motoni, wanaume wamekaa nje wakisubiri kuletewa chakula, na mashangazi wanamkemea Shula kwa kutotoa chozi. Ndani ya shughuli hizo, polepole, tunafahamu kwamba marehemu aliwadhuru Shula na binti wengine wawili wa ukoo walipokuwa wadogo, na kwamba wakubwa walikuwa na habari.

Nyoni haonyeshi kitendo hata mara moja, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Anaonyesha kinachofuata kitendo: adabu inayowanyamazisha watu, sahani zinazopaswa kuoshwa, mjane ambaye ni binti mdogo kabisa akilaumiwa na ndugu wa mume kuwa hakumtunza, na kikao cha kugawana mali ambacho wengi wetu tumewahi kukiona au kukisikia kupitia ukutani. Msomaji wangu anasema mhusika mkuu halii. Ni kweli, na Shula asiyelia ndiye mkweli kuliko wote waliomo katika nyumba ile.

Sasa mlio. Katikati ya filamu kuna kipindi cha televisheni cha watoto kinachoeleza kuwa kanga akimwona adui hupiga kelele, na kelele hiyo huwaokoa wanyama wengine. Basi mwishoni wale mabinti wanatoa onyo ambalo walipaswa kupewa wao miaka mingi kabla, ila hakuna mkubwa aliyefungua mdomo. Sidhani kama Nyoni aliwaza kuhusu pwani yetu, lakini mimi sikuweza kutowaza: huku vazi la mwanamke lina jina la ndege huyohuyo, na lile asiloweza kumwambia mkwe wala wifi hulivaa kiunoni likiwa limeandikwa. Itazame tena, safari hii usimfuatilie Shula peke yake, fuatilia ni nani anayeingia chumbani na nani anayetoka pindi jina la marehemu linapotajwa.

Kwa nini filamu zetu za majini hazitishi? Jini akitokea, sisi tunacheka. (Msomaji, Tanga)

Mnacheka kwa sababu mmeonyeshwa kabla ya kuogopeshwa. Filamu za video za Tanzania za miaka ya 2000 zilikuwa na ujasiri ambao leo hatuusifu vya kutosha; Mussa Banzi, kwa mfano, alitengeneza Nsyuka na Shumileta kwa vifaa vya kawaida sana, akitumia hofu ambazo mtazamaji alizijua tangu kwa bibi yake. Waliomfuata wengi walichukua sura ya jini wakaacha kisa chake. Leo jini anatokea katika dakika ya tano, amepakwa rangi usoni, radi inapiga, muziki unapiga kelele, na kuanzia hapo mtazamaji hana tena cha kukisubiri.

Nawaomba waandishi wa miswada wakumbuke mwaka 1995, Unguja na Pemba, hofu ya Popobawa, jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku, ilipoenea hadi familia zikatoa mikeka na kulala nje kwa makundi. Hofu ile iliwatoa watu wazima vitandani mwao bila picha hata moja. Ilikuwa ni habari tu, iliyopita nyumba hadi nyumba, pamoja na giza na sauti ya kitu juu ya bati. Kamera inayojua kukaa kimya katika chumba chenye giza, ikasubiri pamoja na aliyelala, itafanya kazi kubwa kuliko rangi ya usoni.

Jambo la pili ni deni. Katika masimulizi yetu jini au mzimu haji bure: kuna ahadi iliyovunjwa, kafara lililosahauliwa, urithi ulioliwa. Atlantique ya Mati Diop, iliyopata Grand Prix ya Cannes mwaka 2019, inalielewa hilo kuliko filamu yoyote ya kutisha niliyoiona katika muongo huu. Vijana wa Dakar wamejenga jumba refu kwa miezi bila kulipwa ujira. Wanapanda mashua kwenda Ulaya na bahari inawachukua. Usiku wanarudi ndani ya miili ya wasichana waliowaacha, wanaingia nyumbani kwa tajiri na kudai mishahara yao. Hakuna damu, macho meupe tu na hesabu ya fedha. Nilipoiona mara ya kwanza nilishikwa na baridi, kwa sababu wale wafu walikuwa na haki.

Mfano wa tatu ni Saloum ya Jean Luc Herbulot (2021), ambayo inaanza kama filamu ya majambazi wenye bunduki na kugeuka kuwa ya mapepo katika delta ya Sine-Saloum nchini Senegal. Humo hatari hupitia masikioni, kwa hiyo watu wazima wenye silaha wanahangaika kuziba masikio yao, na lugha ya ishara inakuwa na thamani kuliko risasi. Nusu yake ya mwisho ina mbio nyingi kuliko ninavyopenda, lakini lile wazo la masikio ni la thamani kubwa. Anayeandika filamu ya jini ajiulize kwanza: jini wangu anamdai nani, na anadai nini?

Je, Omen ya Baloji haiwadhalilishi Wakongo kwa kuwaonyesha kama watu wa uchawi mtupu? (Msomaji, Bujumbura)

Sioni hivyo, ingawa ninaelewa kinachokusumbua. Koffi anatoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito kuja Kongo kuwaona wazazi. Damu inamtoka puani ikamdondokea mtoto mchanga wa dada yake, na ukoo unaona laana. Filamu ingeishia kwake tu, malalamiko yako yangekuwa na msingi, maana tungekuwa tunaitazama Kongo kwa macho ya mgeni aliyechukizwa. Lakini Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, anaigawa hadithi kwa watu wanne, na sehemu ya mama, Mujila, inageuza kila kitu: yule tuliyemwona mkatili naye amebeba mzigo aliotwishwa na wengine. Kasoro yake ni wingi wa mapambo. Kuna picha ambazo zipo kwa sababu zinapendeza, na wahusika wake wanastahili muda ule zaidi.

Nilisoma Vuta N'Kuvute shuleni na ninaipenda mno. Filamu yake imeacha mambo mengi. Kwa nini isifiwe? (Msomaji, Mombasa)

Isifiwe kwa kile ilichofanya. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ina nafasi ya kumfuata Yasmin katika nyumba nyingi na hatua nyingi za maisha. Amil Shivji alikuwa na takriban saa moja na nusu, akachagua kumweka Yasmin na Denge, kijana mpigania uhuru, katikati, katika Zanzibar ya miaka ya 1950 chini ya Waingereza. Ilipoonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, Kiswahili cha visiwani kilisikika pale kikiwa lugha ya mapenzi na ya siasa, bila kupunguzwa ladha ili mgeni aelewe haraka. Vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo matangazo ya utalii yamevichosha, humo vimerudi kuwa mahali pa kujificha na kunong'ona.

Hata hivyo, nami nina langu. Denge wa kitabuni ana uchovu na ukali wa mtu anayefuatwa kila siku. Wa filamu ni mpole na mzuri wa kutazama kiasi kwamba hatari inapungua. Na wale wanaofanya siasa pamoja naye wangepewa dakika kumi zaidi, tungeelewa ni nini hasa Yasmin anaingia ndani yake anapobeba karatasi zao.

Neptune Frost ni filamu au ni kelele? (Msomaji, Kigoma)

Ni muziki wenye hasira. Saul Williams na Anisia Uzeyman waliipiga picha Rwanda, hadithi ikiwa ya Burundi, na humo mnasikika Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Mchimbaji wa koltani, madini yanayotumika kwenye simu, anayemzika nduguye aliyeuawa mgodini, na kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, ni picha mbili zinazotosha kueleza simu uliyoshika mkononi imepitia wapi. Usiitafutie hadithi iliyonyooka, sikiliza nyimbo.

Watafsiri wa filamu kwenye mabanda ya video wanaharibu kazi za watu. Wewe kama mhakiki hukasiriki? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, na nasema hivi kwa moyo wote. Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya waliwafikishia sinema watu ambao hakuna kampuni ya usambazaji iliyowahi kuwafikiria. Mtafsiri mzuri ni msimulizi: anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza kwa nini huyu anamchukia yule, anazungumza na hadhira yake kama mtambaji wa ngano anavyozungumza na waitikiaji. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. aliitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na sauti ya VJ Emmie anayeshangilia, kutania na kuonya imekuwa kiungo cha filamu yenyewe. Ukiiondoa, nusu ya uhai wake inaondoka. Haki ya mwenye kazi kulipwa ni suala jingine, na hapo nipo upande wa mwenye kazi. Lakini usimulizi wenyewe ni sanaa, na waongozaji wetu wangefanya vyema kuketi bandani jioni moja wasikilize ni wapi msimulizi anapolazimika kuongea sana. Mara nyingi ni pale filamu iliposhindwa kujieleza.

Nina simu nzuri, rafiki watatu na laki nne. Nataka filamu ya kubuni dunia ya miaka ijayo. Nianzie wapi? (Msomaji, Mbeya)

Anza na filamu fupi. Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) ina dakika kama 20 tu, na ndani yake kuna dunia nzima isiyo na maji, mwanamke mmoja, mbegu moja na jangwa. Hukumbuki majengo yake, unakumbuka jasho linalokusanywa ili linyweke. Tafuta kitu kimoja cha namna hiyo, kitu ambacho watu wako wamekosa au wamekatazwa, na kila onyesho likizunguke.

Kuhusu fedha, usinunue taa. Piga picha alfajiri na jioni, na sehemu kubwa ya laki nne itumie kwa maikrofoni ya kubana kwenye nguo na chakula cha rafiki zako. Nimekaa katika majopo ya kuchagua filamu chipukizi, na kazi nyingi tulizoziweka kando zilikuwa na picha safi na maneno yasiyosikika kwa upepo na pikipiki. Kabla ya siku ya kupiga picha, nenda mahali ulipopachagua, saa ileile utakayofanyia kazi, ukae nusu saa ukiwa umefumba macho. Ukisikia mashine ya kusaga, hama.