Collingwood na Brisbane: majibu ya maswali yenu kabla ya fainali ya kesho

Kesho Jumamosi, tarehe 30 Septemba 2023, Collingwood na Brisbane Lions wanashuka dimbani MCG, Melbourne, kuwania ubingwa wa AFL, ligi kuu ya kandanda ya Australia. Collingwood walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wa kwanza, Brisbane wa pili, kwa hiyo hakuna aliyefika hapa kwa bahati. Maswali yenu mengi yanahusu mbinu, na nimefurahi, maana hii ni fainali ya mbinu kwelikweli.

Mimi ni mgeni kabisa wa mchezo huu. Nielewe nini kwanza ili nisipotee? (Mombasa)

Kila timu ina wachezaji 18 ndani ya uwanja wa umbo la yai. Kila upande una nguzo nne. Mpira ukipigwa teke na kupita katikati ya zile mbili ndefu ni goli, alama 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi ni alama 1. Mpira hupigwa kwa mguu, au hushikwa kiganjani ukapigwa ngumi kwa mkono wa pili. Kuurusha ni kosa. Ukidaka mpira uliopigwa teke na kusafiri mita 15 au zaidi kabla haujaguswa na mtu, unapewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Zipo robo nne za dakika 20, na saa husimama mara kwa mara, ndiyo maana robo moja huweza kufika nusu saa.

Jambo moja lishike sana: hakuna ofsaidi. Mchezo ukiendelea, mtu anaweza kusimama popote. Mbinu zote nitakazozieleza hapa chini zinaanzia hapo.

Brisbane wametufunga mara mbili mwaka huu. Mimi ni wa Collingwood, niambie kwa nini nisiogope. (Dandenong)

Kuogopa kidogo ni halali yako. Aprili walitufunga, nasema "sisi" kwa sababu najua unavyojisikia, 116 kwa 83 kule Gabba, uwanja wao wa nyumbani. Agosti wakarudia hapahapa Melbourne, Marvel Stadium, 124 kwa 100. Hizo si mechi za kubahatisha.

Tazama walichofanya. Collingwood ya kocha Craig McRae hula kwa makosa ya mpinzani. Unapopoteza mpira, wao hawasimami kupanga safu. Aliyeupata anaupiga ngumi mbele kwa mwenzake anayekimbia, huyo naye mbele, na wote wanapita katikati ya uwanja, njia fupi kuliko zote na ya hatari kuliko zote. Kabla mabeki wako hawajageuza shingo, watu watatu wanakimbilia goli lako. Ndivyo walivyoshinda mechi 11 mfululizo mwaka 2022, nyingi zikiwa za dakika za mwisho.

Brisbane waliwanyima chakula hicho. Walitumia miguu kuliko mikono, wakapigiana pasi za teke za kudakwa, polepole, upande hadi upande, mpaka mlango ufunguke. Mpira ukidakwa salama hauporwi. Na walipoupeleka mbele kwa pigo refu, walikuwa na warefu wa kuudaka au angalau kuuangusha chini kwa wenzao wafupi wenye kasi.

Basi matumaini yako yako wapi? Kwanza, mechi ya Agosti Nick Daicos, kiungo wetu nyota, hakucheza kwa sababu ya goti. Amerudi, alicheza nusu fainali dhidi ya GWS (Greater Western Sydney). Pili, ni MCG. Brisbane hawajafungwa Gabba msimu mzima, lakini MCG ni habari nyingine: ushindi wao wa mwisho pale ni wa Septemba 2022 dhidi ya timu ya Melbourne, nao ulikuwa wa kwanza tangu 2014. Tatu, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, pasi za teke zinataka utulivu, na fainali mbele ya watu laki moja inakula utulivu. Collingwood wakiwabana wale wanaopokea pasi, siyo yule mwenye mpira pekee, Brisbane watalazimika kupiga pigo refu wasilolitaka. Kombe litaamuliwa hapo: katika sekunde chache baada ya timu moja kupoteza mpira.

Nani atamkaba Charlie Cameron? Na Daniher na Hipwood je? Mbona huku kwetu hatuoni kama wanazuilika! (Logan, Queensland)

Cameron, mshambuliaji wa Brisbane, amefunga zaidi ya magoli 50 msimu huu, na hatari yake kubwa ni pale mpira unapokuwa chini. Ningempa Isaac Quaynor, beki wa Collingwood. Ana kasi, ana subira, na hapendi kuliacha goli nyuma yake. Atafungwa goli moja au mawili, hilo likubaliwe mapema. Lisilokubalika ni Cameron kufunga mawili ndani ya dakika tatu, kwa sababu hapo uwanja wote wa Brisbane huwaka.

Daniher na Hipwood, washambuliaji wenzake, wote wana zaidi ya mita mbili. Darcy Moore, nahodha wa Collingwood, ndiye beki bora wa kuusoma mpira unaokuja juu. Humwacha mtu wake sekunde ya mwisho na kwenda kuudaka mbele ya mwingine. Kwa hiyo Brisbane wanapaswa kumpeleka Moore mbali. Mshambuliaji anayekabwa naye akimbie pembeni, hata asipotaka mpira, ili katikati pabaki wazi kwa mwenzake. Kocha Chris Fagan ana wachezaji wa kufanya hivyo. Swali ni kama watavumilia kukimbia bure dakika 100 kwa faida ya mwingine.

McStay ameumia. Kumchezesha Billy Frampton si kujidhoofisha? (Melbourne)

Daniel McStay, mshambuliaji wa Collingwood, ameumia goti katika nusu fainali, na inauma zaidi kwa sababu alitoka Brisbane mwaka jana na angekutana na wenzake wa zamani. Ila Frampton simdharau kama wengine wanavyomdharau. Amecheza ulinzi, na kumweka mbele kuna maana moja ninayoiona: Harris Andrews.

Andrews, beki wa Brisbane, ni kwao kile Moore alicho kwa Collingwood. Kila pigo refu linaloingia eneo lake hulidaka au hulipiga ngumi nje. Ukimwekea mshambuliaji wa kawaida anayetafuta magoli yake, Andrews atamwacha na kwenda kusaidia wengine. Ukimwekea mtu ambaye kazi yake ni kumsukuma, kumzuia njia na kuruka naye kila anaporuka, mpira utaanguka chini. Na chini wapo Jamie Elliott, Bobby Hill na Beau McCreery. Frampton anaweza kumaliza mechi bila goli hata moja na bado akawa mmoja wa waliolibeba kombe. Naomba mashabiki wa Collingwood wamhesabie kazi hiyo kesho, wasimzomee.

Lachie Neale ameshinda medali ya Brownlow Jumatatu. Atafungwa kamba? Na Daicos? (Brisbane)

Neale, kiungo wa Brisbane, ameichukua tuzo hiyo ya mchezaji bora wa msimu kwa mara ya pili, ya kwanza ilikuwa 2020, na anastahili. Simuoni McRae akimpa Neale mtu wa kumfuata kila hatua mechi nzima. Collingwood hupenda kila kiungo acheze mpira wake, na Tom Mitchell au Jordan De Goey watapishana naye pale refa anapoudundisha mpira kuanzisha mchezo. Brisbane ndio wenye chaguo gumu. Josh Dunkley anaweza kumganda Daicos, na anajua fainali, alichukua ubingwa na Western Bulldogs mwaka 2016. Lakini ukimtoa Dunkley kwenye msongamano, nani anamlinda Neale asipigwe vikumbo kutwa? Ningekuwa Fagan ningemganda Daicos robo ya kwanza tu, nione mpira unakwenda wapi.

Shikamoo. Nina miaka 13, nacheza hapa Perth. Kuna mchezaji wa kwetu Afrika kesho? (Perth)

Marahaba, mwanangu. Quaynor niliyemtaja juu, baba yake ni Mghana. Na ingawa timu yake ya Port Adelaide imeshatolewa, mjue Aliir Aliir. Alizaliwa Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akasoma hapohapo Perth ulipo wewe, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Anacheza nafasi ileile ya Moore na Andrews. Kesho usiufuate mpira kwa macho muda wote. Mwangalie Moore anasimama wapi wakati mpira uko mita 80 mbali naye, halafu jiulize kwa nini kasogea. Utajifunza kuliko kwa kutazama magoli.

Joto litaathiri? (Goma)

Ndiyo. Utabiri unasema hewa itakaribia nyuzi 30, joto kubwa kwa Septemba ya Melbourne. Kila timu inaruhusiwa kubadilisha wachezaji mara 75 tu, kwa hiyo nafasi hizo hazichezewi. Mchezo wa Collingwood unataka mbio nyingi zaidi, ila Brisbane wamezoea kucheza kwenye joto la Queensland. Tazama robo ya tatu: timu itakayoanza kutembea badala ya kukimbia kurudi nyuma itafunguka katikati.

Ni kweli kocha wa Collingwood alichezea Brisbane? (Nairobi)

Kweli. McRae alikuwa ndani ya kikosi cha Brisbane kilichochukua ubingwa 2001, 2002 na 2003, na fainali mbili za mwisho waliwafunga Collingwood hawahawa. Fagan yeye hakuwahi kucheza ligi hii hata mara moja, na ameitoa Brisbane mkiani hadi hapa. Namheshimu sana kwa hilo.

Utabiri wako, na mechi inaanza saa ngapi kwetu? (Dar es Salaam)

Collingwood, kwa tofauti isiyozidi magoli mawili. Wiki iliyopita waliwatoa GWS 58 kwa 57, na kabla ya hapo Melbourne 60 kwa 53. Mechi ikibanana, sioni timu nyingine ninayoiamini zaidi kuushika mpira na kuumaliza muda. Brisbane nao msiwakatie tamaa wakitanguliwa: Carlton waliwafunga magoli matano ya mwanzo Jumamosi iliyopita, na bado Lions walishinda 79 kwa 63. Lakini wakiachwa hivyo kesho, MCG haitawarudishia mchezo kama Gabba ilivyowarudishia.

Mechi inaanza saa nane na nusu mchana Melbourne. Dar, Nairobi na Mombasa ni saa moja na nusu asubuhi. Goma na Bujumbura saa kumi na mbili na nusu. Amkeni mapema, robo ya kwanza ndiyo itakayowaonyesha kama Brisbane wanathubutu kupiga zile pasi zao fupi.