Kabla ya kuandika "pole" nyingine, kaa na kinyago kimoja

Nikiwasha data asubuhi, chai haijapoa nimeshapita msiba wa jirani, mafuriko, harusi, mtoto anayechangiwa matibabu na paka anayecheza singeli. Kwa msiba naweka viganja viwili, kwa paka kicheko, na kidole hakijasimama. Sidhani kama tumeota roho mbaya. Tunaletewa machungu ya watu wengi kwa mkupuo, na moyo huishia kuyapokea kama matangazo ya biashara.

Mimi nimesaidiwa na vinyago vya Kimakonde, hasa vile vya ujamaa: gogo moja la mpingo ambalo ndani yake wamechongwa watu hata ishirini, wamebebana na kushikana, bila gundi wala kiungo. Anayetajwa sana kuuanzisha mtindo huu ni Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji akaja kufanya kazi Tanganyika miaka ya 1950.

Kama uko Dar es Salaam, nenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Simu izime kabisa; ukiiacha kwenye mtetemo bado itakuita. Chagua kinyago kimoja, usiulize bei kwanza, kizunguke. Anzia chini. Nani kambeba nani? Huyu aliyejikunja anaelemewa, au amejiinamia tu? Shika mkono mmoja kwa macho, uufuate mpaka ulipotokea begani. Utapotea, utajikuta kwenye mguu wa mtu mwingine, utarudi kuanza upya. Dakika za mwanzo zinachosha, sikufichi, na kiganja kitaenda mfukoni chenyewe. Vumilia. Baada ya muda zile sura zinaacha kuwa "watu wengi". Yule mama ana mtoto mgongoni na bado kuna mguu wa mtu umekanyaga bega lake, nawe unajikuta unataka kujua amechoka kiasi gani.

Ukipata fundi aliye kazini, omba ukae naye. Mpingo ni mgumu, unamaliza makali ya patasi. Atauondoa weupe wa nje kwa tezo mpaka aufikie moyo mweusi, kisha patasi, tupa, na msasa usiokwisha. Hakuna sura inayotoka kwa haraka pale. (Kikiwa cheusi tii na kinanukia kiwi ya viatu, huo mpingo una walakini.)

Macho hayo hayo nimeanza kuyatumia nikirudi kwenye magrupu. Siwezi kumpigia kila aliyefiwa, na siku hizi sijaribu. Namchagua mmoja, nampigia, namuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, halafu nanyamaza aongee. Wengine wanapata pole yangu ya maandishi na mchango, kama kawaida.