Mwanao Ana Meno Mawili Tu? Usisubiri, Mpe Boga Alishike

Juzi usiku, binti yangu akiwa ameshalala, uliingia ujumbe wa dada mmoja aliyeko Morogoro. "Mwanangu ana miezi tisa na meno mawili ya chini. Bado nampa uji na chakula cha kusaga. Wote wananiambia nisubiri meno yatimie. Wewe ulifanyaje?"

Machozi yalinilenga. Swali hilohilo nililiuliza nilipokuwa na mtoto wangu wa kwanza, na nikajibiwa vibaya.

Kaka mtu nilimlea kwa brenda. Ndizi, nyama, mchicha, karoti, vyote nilisaga mpaka vikawa kitu kimoja kisicho na rangi inayoeleweka. Miezi minane alikuwa na meno mawili, mwaka ulipotimia manne, na mimi nasubiri tu. Alipofika mwaka na miezi miwili, punje moja ya wali ikigusa ulimi wake alitapika yote aliyokula. Kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umelala. Nesi akauliza anakula nini, nikamwambia. Akanitazama, akasema kwa sauti iliyosikika benchi zima: "Mama, meno ya kutafunia ni magego, na magego huja mtoto akishapita mwaka. Ulikuwa unasubiri nini?"

Aibu ile ninayo mpaka leo. Lakini alisema kweli, na angeisema taratibu ningemshukuru palepale. Meno ya mbele kazi yake ni kukata. Mtoto wa miezi tisa, awe na meno mawili au manane, anatafuna kwa fizi. Kama huamini, nawa mikono, mtie kidole mdomoni akuume. Fizi zile zinaponda boga, parachichi na kiazi bila shida. Shirika la Afya Duniani nalo linasema watoto wengi wakifika miezi 8 wanaweza kula chakula cha kushika wenyewe. Hawakuandika idadi ya meno.

Kwa binti yangu sikurudia kosa. Alipofika miezi saba alikuwa anakaa mwenyewe bila kuegemea, na kila nikila ananyakua mkono wangu. Nikachemsha boga, nikalikata vipande virefu kama kidole changu cha shahada. Urefu huo una sababu yake: umri ule mtoto hushika kwa kiganja kizima na hajui kufungua ngumi kutoa kilichomo, kwa hiyo lazima kipande kichomoze juu. Alipokaribia miezi tisa akaanza kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada, ndipo nikapunguza vipande: parachichi, papai lililoiva, yai lililoiva mpaka kiini, samaki niliyemchambua miiba kwa vidole vyangu mara mbili, maharage yaliyoiva kabisa nikayaminya yasiwe mviringo. Maini ya kuku pia, maana mtoto akipita miezi sita madini ya chuma ya maziwa peke yake hayamtoshi. Kipimo changu kimoja: kibonyeze kati ya vidole viwili. Kisipopondeka, kirudi jikoni.

Sasa niseme la siku ile. Mama mkwe alikuja kututembelea, akakuta mtoto ameshika kiazi kitamu. Kipande kikaenda mbele kidogo, mtoto akajikunja, akatoa ulimi, akakohoa, macho yakajaa maji. "Mwanangu, huyu hana meno, unataka kumuua?" Akamnyakua, akamtia kidole kooni. Nililia chumbani usiku ule. Mtoto alikuwa anajisaidia mwenyewe, na kidole kile ndicho kingeweza kukisukuma kiazi ndani zaidi.

Jamani, tujifunze tofauti hii kabla ya kuanza. Mtoto anayekohoa, anayetoa sauti, anayejikunja kama anataka kutapika, njia ya hewa ipo. Kaa naye, tulia, mwache akitoe. Mtoto aliyekabwa hatoi sauti: halii, hakohoi, midomo inaanza kubadilika rangi. Huyo ni wa mbio. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze, msukume katikati ya kifua mara 5, urudie, huku mwenzako akitafuta usafiri wa hospitali. Mwombe nesi wa kliniki akuonyeshe kwa mikono. Dada wa kazi naye aonyeshwe, kwa sababu mchana ndiye anayelisha.

Na mtoto ale amekaa wima, mbele ya macho yako. Si mgongoni, si kwenye daladala, si akitambaa. Karanga nzima, bisi, zabibu nzima, pipi, karoti mbichi, soseji za kukata duara: hapana. Asali hapana mpaka mwaka utimie, hata tone la kikohozi. Chumvi na sukari havihitaji. Maziwa yako endelea nayo.

Lingine linaloniuma. Mtoto akiharisha au akipata homa umri huu wa kuota meno, watatokea watu wa kukwambia ana meno ya plastiki, apelekwe kwa fundi akachanjwe fizi. Akitangulia kuota ya juu, pwani wazee watamwita kigego, yaani mtoto wa mkosi. Mama, simama imara. Hakuna meno ya plastiki. Kinachotolewa pale ni meno halisi ya mwanao ambayo hayajachomoza, kwa kisu au msumari usiojulikana umegusa nini. Usikubali hata kama anayesema ni mama yako mzazi. Heshima mpe, mtoto usimpe.

Kaka mtu sasa anakaribia miaka mitano na nyama bado anaitafuna kisha anatema makapi. Mdogo wake, mwaka na nusu, anakula anachokula baba yake. Siwezi kuwatazama wakila pamoja nisikumbuke ile brenda.

Dada wa Morogoro, hujachelewa kama mimi. Kesho asubuhi, akiwa hana usingizi wala njaa kali, chemsha kipande cha boga. Tandika kanga ya zamani chini, maana atalipaka mpaka masikioni. Mkalishe, kaa mbele yake na wewe ule lako, simu iache chumbani. Siku ya kwanza huenda akalilamba tu akalitupa. Keshokutwa mpe tena.