Ipyana na Anna wala hawajapishana

Dada uliyeuliza Ipyana maana yake nini na kama linaendana na Anna, jina la pacha wake, we tulia umepatia bila kujua 😀 Ipyana kwa Kinyakyusa ni neema, na Anna limetoka kwa Waebrania, kwao ni Hannah, nalo ni neema hiyohiyo, halafu hili Neema lenyewe asili yake Kiarabu. Kwetu Tukuyu nyumba ya jirani walikuwepo wote watatu, mama yao akiita "Neema njoo umenye ndizi" anatokea mmoja tu, wale wengine kimyaa utadhani hawahusiki. Ukijaliwa mwingine muite Lusekelo, hilo ni furaha, ila mjini watakukatia tu, jiandae kusikia Luse.