Maswali Yenu: Amani ya Ibadani na Mpaka wa Shamba

SWALI: Ni kweli Wakristo wa kwanza walikataa upanga? Mbona leo makanisa yanabariki majeshi? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Wengi walikataa, si wote. Tertullian na Origen, walimu wa kanisa la mwanzo, walipinga Mkristo kumwaga damu, na mwaka 295 kijana Maximilian aliuawa Tebessa, Algeria ya leo, kwa kukataa kuandikishwa jeshini. Hata hivyo, askari Wakristo walikuwapo tayari. Mambo yaligeuka kuanzia 313, watawala wa Roma Konstantino na Licinius walipolipatia kanisa uhuru; lililokuwa likiwindwa likasogea karibu na kiti cha enzi. Baadaye askofu Augustino akaeleza lini vita ni vya haki. Yale yalikuwa masharti ya kuzuia, lakini wengi wameyageuza kuwa kibali. Wamenno, kanisa la Kiprotestanti lililofika Shirati, Mara, mwaka 1934, wameshika fundisho la kutopigana.

SWALI: Wazee wawili wa kanisa letu wanagombea mpaka wa shamba la zabibu, msimu wa tatu sasa. Ibadani wanapeana amani, wakitoka nje hawasalimiani. Tunaambiwa tuwaombee. Inatosha? – Msomaji, Hombolo

JIBU: Haitoshi. Mathayo 5:23–24 humtuma yule anayelalamikiwa: aache sadaka madhabahuni, akapatane kwanza. Mathayo 18:15 humtuma aliyekosewa. Kwa hiyo wazee wenu wote wawili wana safari. Hakuna wa kukaa kwake akimsubiri mwenzake.

Waanze wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, kanisa liwe la mwisho. Makanisa mengi huanzia mwisho: ugomvi husikika kwanza mimbarani, au kwenye kundi la WhatsApp la kwaya likiitwa ombi la maombi. Mtu akishaaibishwa hadharani hapiganii tena mpaka, anapigania heshima yake. Mashahidi nao wasiwe shemeji wa upande mmoja. Kila mzee ataje mtu, mwenzake amkubali.

Wakutane shambani, si ofisini kwa mchungaji, na iwe kiangazi, majani yakiwa yamekauka na mawe na minyaa ya zamani ikionekana. Majirani wote wanaopakana nao wawepo. Wapime kwa futi kamba. Hatua za miguu huzaa ugomvi mpya. Mapatano mengi ya mashamba ya zabibu huvunjika kwenye mizabibu iliyokwisha kuvuka mpaka, kwa sababu nguzo na waya ni gharama. Jambo hilo lisemwe siku hiyohiyo: nani anavuna, hadi lini, na nani anamlipa nani.

Msamaha utaje kosa. “Kama nimekukosea, unisamehe” haijakiri kitu. “Nilisogeza jiwe” imekiri.

Na tafadhali, mjane au mnyonge asinyamazishwe kwa jina la amani. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana, lakini katika sura hiyohiyo aliwakemea pia wanaodhulumu. Panga likishainuliwa, ni kazi ya polisi.

Wakishindwa kabisa, waende Baraza la Kata. Tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakipatana, waandike nakala tatu zenye vipimo na sahihi za majirani, moja ibaki ofisi ya mtaa, na wake na watoto wakubwa wasomewe, maana ndio watakaolima hapo.